SOMO: TUKIJENGA TOVUTI, TUNAMJENGEA NANI?



Katika miezi hii vikundi vitatu vya kanisa letu vimetuletea ombi moja. Kwaya, kina mama washonaji na vijana wanaofundishana kompyuta, wote wanataka tovuti. Ni ombi jema. Lakini sisi tuliwahi kujenga tovuti, tukakosea, na kosa letu lilimwumiza mtu. Kwa hiyo tumeona tuandike somo hili, ili wengine wasipite pale pale tulipoteleza.

Shabaha ya somo: Mwishoni msomaji aweze kueleza tovuti ni nini, kuipanga kwenye karatasi, kupunguza uzito wa picha, na kulinda majina na sura za watu.

1. Tovuti ni kitu gani?

Tovuti ni kurasa zilizowekwa ndani ya kompyuta inayowaka usiku na mchana, na mtu yeyote duniani mwenye anwani yake anaweza kuzifungua. Jambo hili lilianza kwa Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na mji wa Geneva. Aliandika pendekezo lake mwaka 1989, na mwaka 1991 tovuti ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wa nje. Ilikuwa maandishi, na ndani yake maneno ya kubonyeza yanayompeleka msomaji kwenye ukurasa mwingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba kila mtu anaweza kuitumia kazi hiyo bila malipo.

Ndiyo maana kijana wetu hapa kambini anaweza kuandika ukurasa bila kumwomba mtu kibali. Lugha yake huitwa HTML. Ni alama zinazosema: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha. Zile za kuanzia mtu hujifunza kwa siku chache.

2. Hesabu kabla ya kujenga

Katika Luka 14:28 tunasoma habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anakaa chini na kuhesabu. Nasi kabla ya kuwasha kompyuta tukae chini na maswali matatu. Nani atafungua ukurasa huu? Anatafuta nini? Akishakipata, afanye nini?

Tuchukue mfano wa kina mama washonaji. Anayefungua ukurasa wao ni mwalimu mkuu anayetaka sare, au bibi harusi anayetaka gauni. Anatafuta mambo manne: mnashona nini, bei gani, siku ngapi, na namna ya kuagiza. Mambo hayo manne yakae juu kabisa. Sisi mara ya kwanza tuliweka salamu ndefu, kisha historia ya kikundi, kisha maua yanayozunguka. Bei ilikuwa chini kabisa, na wengi hawakufika huko.

Ukishajibu maswali hayo, chora ukurasa kwenye karatasi kwa penseli. Karatasi haihitaji umeme. Kisha mpe mtu ambaye hakushiriki kuuchora, mwambie kidole chake ndicho kibonyezo, nawe nyamaza utazame. Vijana wetu walimpelekea bibi mmoja mchoro wao.

"Bibi, ukitaka kushonesha kitenge, utabonyeza wapi?"

Bibi akaweka kidole juu ya picha ya kitenge.

"Hapana, bibi, hapo si pa kubonyeza. Ni haya maneno ya chini."

"Mjukuu wangu, kama si pa kubonyeza, mbona mmenichorea kitambaa?"

Wakacheka wote, lakini bibi alikuwa na haki. Walirudi wakabadilisha, picha yenyewe ikawa ya kubonyeza. Mtaalamu mmoja wa mambo haya, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 kunatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti. Watu 5 hatukosi. Tusiwachague vijana peke yao. Awepo mama, awepo mzee, awepo asiyesoma haraka.

3. Uzito wa picha

Hapa ndipo tovuti nyingi zinapowashinda watu wetu. Herufi moja ya Kiswahili hubeba uzito wa baiti moja. Ukurasa wa maneno 500 una herufi kama 3,500, yaani kilobaiti 3 na nusu. Lakini picha moja iliyotoka kwenye simu inaweza kufika megabaiti 3, ambazo ni kama kilobaiti 3,000. Picha hiyo moja ni nzito kuliko kurasa 800 za maandishi.

Sasa fikiri mtandao wetu wa jioni, wakati kila mtu yuko hewani. Ukipata kilobaiti 5 kwa sekunde, picha hiyo itachukua sekunde 600, yaani dakika 10. Mteja amekwisha kuondoka, na bando lake limeliwa bure.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuweka picha, ipunguze upana hadi pikseli 800 kwa programu ya kurekebisha picha, kisha uihifadhi kwa ubora wa kati. Mara nyingi itashuka hadi kilobaiti 100 hivi. Kwa mtandao ule ule hizo ni sekunde 20. Kisha chagua: picha 3 nzuri zinatosha pale tulipotaka kuweka 30. Na chini ya kila picha andika maneno machache ya kueleza kilichomo. HTML ina mahali pa maneno hayo. Picha ikikataa kufunguka, maneno yanaonekana, na mtu asiyeona husomewa na simu yake.

4. Maandishi yasomeke

Wengi watausoma ukurasa wetu kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, tena juani. Kwa hiyo maandishi yawe meusi au ya rangi nzito juu ya karatasi nyeupe. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakionekani nje ya nyumba. Wanaoweka kanuni za tovuti, shirika la W3C ambalo Berners-Lee alilianzisha mwaka 1994, wanataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Sisi tunapima hivi: toka nje saa sita mchana, nyosha mkono, soma. Ukishindwa, badilisha rangi.

Aya ziwe fupi. Namba ya simu ya kikundi iwekwe kwa namna ambayo mtu akiigusa simu inapiga yenyewe. Na kama wateja wenu wanasema Kiswahili, andikeni Kiswahili. Tumeona vikundi vikiandika kwa lugha ambayo hata wanachama hawaisomi, ili waonekane wakubwa.

5. Majina na sura za watu

Sasa tufike kwenye kosa letu. Tovuti ya kwanza ya washonaji ilikuwa na picha za kina mama wote. Chini ya kila picha tuliandika jina kamili, kijiji alikotoka, na bloku anayokaa hapa kambini. Tuliona tumewaheshimu.

Baada ya majuma machache mama mmoja alitujia mapema asubuhi, hata ibada ya alfajiri haijaisha. Usiku alikuwa amepigiwa simu na namba asiyoijua. Mtu yule alimwita kwa jina la marehemu mume wake, akamtajia bloku yake, akakata. Mama hakulala, wala watoto wake. Wengi wetu tunajua kwa nini simu ya namna hiyo inamnyima mtu usingizi. Hatukukimbia mvua kule tulikotoka.

Tuliondoa picha zote siku ile ile. Lakini kilichowekwa kwenye intaneti kinaweza kunakiliwa kabla hujakiondoa, na nakala huwezi kuzifuata. Tulikwenda nyumbani kwake na mzee wa kanisa kuomba msamaha. Akatuambia, "Wanangu, picha ilikuwa nzuri. Nilikubali mnipige. Hamkuniuliza kama mtaipeleka kwa watu wote."

Maneno hayo tunayashika mpaka leo. Kukubali kupigwa picha ni jambo moja, kukubali iwekwe mbele ya dunia ni jambo jingine. Tangu siku ile tunafuata kanuni hizi:

a) Tunauliza mara mbili, na mara ya pili tunamwonyesha mtu ukurasa wenyewe, picha na maneno pamoja. Akisema hapana, hatumwulizi sababu.

b) Hatuweki pamoja sura, jina kamili na mahali mtu anapokaa. Moja likiwepo, mengine yaachwe.

c) Sura za watoto haziwekwi kabisa.

d) Tunazima alama ya mahali katika kamera. Simu nyingi, alama hiyo ikiwa imewashwa, huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, na anayejua huweza kusoma.

Msidhani kwamba tovuti bila majina haifai kitu. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianzisha mwaka 2013 ukurasa uitwao Trace the Face, wa watu wanaotafuta ndugu zao waliopoteana nao njiani kuelekea Ulaya. Huwekwa sura ya anayetafuta na neno la kueleza anamtafuta nani: mama, kaka, mtoto. Jina lake haliandikwi. Ndugu akiitambua sura, anawaandikia wao, nao ndio wanaounganisha. Sura imetosha, na adui hakupewa anwani.

Nasi leo ukurasa wa washonaji unaonyesha mikono juu ya cherehani, na mshono wa karibu. Mama yule mikono yake imo, alichagua mwenyewe. Mnunuzi wa sare hutazama mshono.

6. Ufunguo unakaa kwa nani?

Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Lisipolipiwa hupotea, na mtu mwingine anaweza kulichukua. Kijana aliyetujengea alipata safari ya kuhamia nchi ya tatu, tukamwimbia na kumwombea. Nenosiri lilikuwa kichwani mwake. Barua za kukumbusha malipo zilikwenda kwenye anwani aliyokwisha kuiacha, na jina likapotea. Hatumlaumu, sisi ndio hatukumwuliza. Basi nenosiri liandikwe, liwekwe ndani ya bahasha katika sanduku la kanisa, na watu wawili wajue. Watu wa kambini ni watu wa safari. Kazi isisafiri na mtu mmoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kikundi chako kikipata tovuti, nani ataifungua kwanza, na anatafuta nini?
2. Je, katika simu yako kuna picha ya mtu uliyoituma kwa wengine bila kumwuliza? Ufanye nini juma hili?
3. Wazazi, mmewaeleza watoto wenu mambo gani yasiyofaa kuandikwa kwenye intaneti kuhusu nyumba yenu?

Zoezi: Chora ukurasa mmoja kwa penseli, uulete Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Tutaujaribu pamoja, na bibi yetu amekubali kuja na kidole chake.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.