JIKO LA PRESHA LA UMEME LIKIGOMA



Wakati wa baridi ya mwezi wa saba tulikwenda kumwamkia mama mmoja, mhitimu wetu wa kisomo, huko upande wa Laela. Tulimkuta anapika maharage kwa kuni. Yalikuwa motoni tangu asubuhi, na sasa jua lilikuwa utosini. Kwenye kona tukaona jiko la presha la umeme, zuri, bado linang'aa. Ndani yake mlikuwa na mbegu za maharage.

"Mama, mbona jiko mmeligeuza kuwa ghala?" tukauliza.

"Limekufa, mwalimu. Linatoa mvuke pembeni tu, presha haliingii. Nimeuza magunia ya mahindi kulinunua. Sasa fundi yuko mjini, na nauli nitaitoa wapi?"

Tukaomba ruhusa, tukamimina mbegu kwenye ungo. Tukageuza mfuniko, tukauvuta ule mpira wa duara ulioko ndani. Chini yake palikuwa na ganda la haragwe, kavu, limeganda kama gundi. Tukaosha mpira, tukaurudisha. Tukatia vikombe 2 vya maji, tukafunga, tukawasha. Haikupita muda mrefu, presha ikapanda.

Mama alicheka, kisha akanyamaza. "Miezi minne nabeba kuni kwa ajili ya ganda moja!"

Ndiyo maana tumeandika somo hili. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Majiko yanakuja vijijini kwa gari. Elimu ya kuyatunza inakuja nyuma kwa miguu.

KWA NINI UFIPA TUNALIHITAJI

Kila mtu hapa anajua kwamba maharage ya Ufipa hayana haraka. Ndugu zetu walioko Muze, kule chini bonde la Rukwa, wanayaivisha mapema kuliko sisi. Wengine husema ni kuni zetu mbaya. Sivyo. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo maji huchemka mapema kabla hayajapata joto la kutosha. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukiongeza kuni hayapandi tena. Unaunguza kuni bure tu.

Jiko la presha linafunga mvuke usitoke. Mvuke ukibanwa, unayakandamiza maji, na maji hufika karibu nyuzi 110. Maharage yanasalimu amri. Chungu cha kwanza cha namna hii kilitengenezwa na Mfaransa mmoja, Denis Papin, huko London mwaka 1679. Yeye ndiye aliyefikiri kuweka juu yake kitundu chenye uzito, ili mvuke ukizidi uinue ule uzito na kutoka, chungu kisipasuke. Jiko lako lina kitu hicho hicho.

Kwa hiyo ukumbuke: kazi yote ya jiko hili ni kuzuia mvuke. Likigoma, kwanza uliza, "Mvuke unatokea wapi?"

SEHEMU ZA KUJUA

Mpira wa mfuniko ni ule wa duara, ndani. Huo ndio unaoziba. Juu ya mfuniko kuna kizibo cha mvuke, unachokigeuza upande wa kufunga au upande wa kutoa. Kizibo hiki kinalegalega. Watu wengi wanadhani kimeharibika. Hakijaharibika, kimetengenezwa hivyo ili kiinuke presha ikizidi. Usikifunge kwa kamba, wala usiweke jiwe au kitambaa juu yake.

Karibu na kizibo kuna kijiti kidogo cha chuma kinachopanda na kushuka chenyewe. Kikiwa juu, ndani mna presha. Kikiwa chini, presha imekwisha. Ukijua kukisoma kijiti hiki umelijua jiko.

Halafu kuna sufuria ya ndani, inayotoka, na chini yake bamba la moto, lisilotoka.

Vitufe vingi vimeandikwa kwa Kiingereza au Kichina. Katika darasa letu moja wana-kisomo walibandika vipande vya plasta pembeni ya vitufe na kuandika kwa kalamu: MAHARAGE, WALI, ZIMA. Bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 60 ndiye aliyeandika, na kwa mwandiko mzuri kuliko wetu.

KUSAFISHA

Kwanza chomoa waya ukutani. Subiri jiko lipoe.

Hapa tukiri kosa letu. Jiko la kwanza tulilonunua kwa michango ya darasa tuliliua sisi wenyewe. Baada ya kupika, mwenzetu mmoja alilichukua lote, akalizamisha kwenye beseni, akalisugua kwa majivu kama sufuria ya kawaida. Alikuwa na nia njema, na sisi tulikuwa tumesimama tunamtazama! Maji yaliingia kwenye mitambo iliyoko chini. Tulilianika juani siku tatu. Halikuwaka tena. Michango ya watu 22 ilipotea kwa sababu hakuna aliyesema neno moja: mwili wa jiko hauogeshwi.

Mwili wa jiko ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Sufuria ya ndani, mfuniko na mpira ndivyo vinavyooshwa kwa maji na sabuni. Ile sufuria yenye rangi nyeusi ndani ina ngozi laini inayozuia chakula kisigande. Usiisugue kwa mchanga, majivu wala waya wa chuma. Tumia dodoki. Chakula kikiganda, tia maji ya moto, acha usiku mmoja. Wakati wa kukoroga, mwiko wa mti ni bora kuliko kijiko cha chuma.

Mpira uvute utoke kila baada ya kupika maharage. Usiseme, "leo nimechoka, nitauosha kesho." Ganda likikauka ndipo lawama zinapoanza. Uoshe, utazame kama una ufa au umelegea, ukaushe, uurudishe. Ukisharudi, uzungushe kwa kidole. Ukizunguka vizuri bila kujikunja, umekaa. Mpira ukinuka kitunguu au samaki, utie kwenye maji yenye ndimu au siki, uchemke kidogo, kisha uanike kivulini. Na mpira hauishi milele. Ukinunua wa akiba, nenda mjini na ule wa zamani mkononi, upimwe, maana hailingani yote.

Kizibo kivute juu, kitoke, uoshe kitundu chake. Ndani ya mfuniko, chini ya kitundu hicho, kuna kichujio kidogo. Ngozi za maharage hupenda kukaa hapo. Kijiti nacho kisukume juu na chini kwa kidole mpaka kitembee bila kukwama.

Kabla ya kurudisha sufuria ya ndani, kausha mgongo wake. Tazama kama kuna punje ya mchele juu ya bamba la moto. Punje moja inatosha kuifanya sufuria isilale vizuri, na joto halitapita sawasawa. Na jamani, usimimine mchele ndani ya jiko kabla ya kuweka sufuria. Mnacheka, lakini imetokea.

LIKIGOMA

Fanya jaribio la maji. Tia vikombe 2 vya maji matupu, funga, washa. Kijiti kikipanda, jiko ni zima. Kosa lilikuwa kwenye chakula. Labda maji yalikuwa machache, au uji ulikuwa mzito ukaungulia chini, jiko likazima lenyewe kujiokoa. Likiandika herufi na namba usizozijua, mara nyingi ndilo jambo linalosema. Zinatofautiana kwa kila aina ya jiko, kwa hiyo kitabu chake usikitumie kuwashia moto.

Kijiti kisipopanda, tazama mvuke. Unatoka pembeni? Ni mpira, au mfuniko haukufungwa mpaka mwisho. Unatoka kwenye kizibo? Labda kimegeuzwa upande wa kutoa, au kina uchafu. Hautoki kokote na jiko ni baridi? Tazama kama uniti za Luku zimekwisha. Tazama waya unaoingia kwenye jiko lenyewe, huwa haujasukumwa mpaka ndani. Panya nao hutafuna waya. Ukiona shaba iko nje, usiwashe.

Jiko la wati 1,000 linavuta umeme mwingi kuliko taa. Usilichomeke kwenye waya mwembamba wa kurefushia pamoja na redio na simu tatu. Waya ukipata moto mkononi, chomoa. Umeme ukiwa mdogo, kama tunavyouona jioni baadhi ya siku, jiko linachelewa kupanda. Hilo si kosa la jiko.

Kazi ya kufungua sehemu ya chini, penye nyaya, mwachie fundi wa umeme.

MFUNIKO USIPOFUNGUKA

Usitumie nguvu! Mfuniko unakataa kwa sababu ndani mna mvuke. Maharage yanatoa povu, kwa hiyo usigeuze kizibo mara tu yanapoiva. Povu litaruka na kuziba kitundu. Zima, acha dakika 20, kijiti kishuke chenyewe. Jiko likiwa limepoa kabisa na kijiti bado kiko juu, kisukume chini taratibu kwa ncha ya mwiko. Unapogeuza kizibo, uso na mkono viwe mbali, na watoto watoke nje.

Usijaze kupita kiasi. Maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria. Vyakula visivyotoa povu visizidi theluthi mbili.

Mtu akiungua na mvuke, mwagia maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala unga. Ukiona malengelenge, au ameungua usoni, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kitabu cha jiko kinasema maharage yapikwe dakika 30. Kitabu kinahesabu kama uko pwani. Sisi wa Ufipa tunaongeza moja ya tano. Tutapika dakika ngapi?

2. Katika kijiji chenu ni majiko mangapi yamekaa bila kutumika? Leteni mfuniko wa mojawapo darasani, mvue mpira pamoja. Mmekuta nini chini yake?

3. Kama kikundi kina jiko moja, nani ataosha mpira, na nani atatazama kama umeoshwa?