MADA NI YA NANI? SOMO KUTOKA KIJAPANI



Katika Kiswahili "mimi" ni mmoja tu, awe msichana au mvulana. Katika Kijapani mambo si hivyo. "Watashi" humfaa kila mtu mbele ya mgeni. Mvulana anaweza kusema "boku", na akiwa na marafiki "ore". "Atashi" husemwa zaidi na wanawake. Kwa hivyo mvulana anayejifunza kwa kuiga kila neno la mwalimu wa kike huenda akajikuta anaongea kama mwanamke.

Lakini jambo zito zaidi ni mada. Kijapani huiwekea mada alama yake, nayo ni "wa". "Watashi wa Kenya-jin desu" maana yake ni: kunihusu mimi, ni Mkenya. Mada ikishatajwa, si lazima irudiwe; sentensi zinazofuata huitegemea hiyo hiyo. Basi anayeiweka ndiye anayeshika usukani.

Mara nyingi mwenyeji ndiye huanza. Baada ya "hajimemashite", salamu ya wanaokutana mara ya kwanza, utaulizwa "okuni wa?", yaani nchi yako je? Kisha huja chakula, vijiti vya kulia, na sifa: "Nihongo ga ojozu desu ne", unajua Kijapani vizuri. Hiyo ni adabu, haina ubaya. Lakini mgeni akijibu tu, ataondoka bila kumjua mwenzake. Na je, msichana akiulizwa mapishi na ndoa peke yake? Huenda ana mengi ya kusema juu ya hesabu au kandanda!

Mwanafunzi afanye nini?

Kwanza, ajibu kwa ufupi, kisha arudishe swali. Mwenzake akiitwa Tanaka, aseme, "Tanaka-san wa?", na wewe je? Hiyo "-san" hutumika kwa mwanamume na mwanamke, tena ina heshima kuliko "anata", yaani wewe.

Pili, aweke mada yake mwenyewe. "Goshumi wa?" ni kuuliza mtu hupenda kufanya nini wakati wa mapumziko. Swali hili halina mume wala mke.

Tatu, asikimbilie umri na ndoa, hasa kwa mtu mzima. Wanafunzi huulizana mwaka wa masomo, manake aliyetangulia huzungumziwa kwa heshima zaidi.

Nasi wenye "mimi" mmoja tusijivune. Mgeni akija darasani, msichana huulizwa nini na mvulana huulizwa nini? Hebu chunguzeni wenyewe. Wahenga walinena, kuuliza si ujinga. Nami naongeza: kuulizwa tu bila kuuliza si mazungumzo, huo ni mtihani.