Dari Si Pambo, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, bonasi ya chai ya Oktoba ikishaingia, najua simu zenu zinajaa nini: picha za nyumba. Halafu swali linanijia, mwaka huu kama mwaka jana: “Dada, fundi amesema ataniwekea loft, nami nimekubali. Sasa hiyo loft ni nini?” Umekubali kwanza, unauliza baadaye! Haya, sogea hapa karibu. Si wewe wa kwanza. Wapo wenye shahada zao waliotikisa kichwa mbele ya fundi kwa kuona aibu kuuliza, wakalipa.

Loft ni dari. Ni ile nafasi iliyo juu ya kichwa chako na chini ya paa. Mwenye nyumba za kupangisha kule Nairobi akikutajia loft, mara nyingi ni chumba kimoja kirefu kilichowekewa nusu sakafu juu, ulale huko na upike chini, na kodi inapanda pamoja na ngazi. Kanisani ni kule juu wanakokaa kwaya. Kaka yako anayewabebea wachezaji fimbo kwenye uwanja wa gofu wa Kericho atakuambia loft ni ule mlalo wa uso wa fimbo unaoinua mpira, naye hadanganyi. Waingereza walilipata neno kwa watu wa Skandinavia wa zamani, ambao kwao lilikuwa hewa, anga na chumba cha juu. Kwa hiyo fundi asikubabaishe. Anakuuzia hewa iliyo chini ya mabati yako mwenyewe.

Na hewa hiyo mama yako anayo tangu hujazaliwa. Ingia jikoni kwake, inua macho. Ile si takataka, ni tabut, dari yetu ya asili. Tazama fito zilivyoshika masizi mpaka zinang'aa kama zimepigwa rangi, kuni zilizopangwa zikauke, na mahindi yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake. Nyanya zetu waliweka wimbi huko juu. Moto wa chini ulikausha, moshi ukafukuza fukusi, na hakuna aliyenunua dawa. Hata viwanda vya chai vya zamani vilijua siri ya juu: majani mabichi yalipandishwa ghorofani, yakatandazwa kwenye rafu yanyauke kwa hewa kabla ya kusagwa. Leo ni vitanda virefu vyenye feni, lakini kazi ni ile ile ya hewa.

Ndiyo maana moyo unaniuma nikisikia mtu amebomoa jiko la mama ili apate pa kumwaga mchanga wa nyumba mpya. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mama hatasema kitu, unajua alivyo. Atakusifia nyumba, atakunywa chai sebuleni, kisha utamkuta nyuma ya nyumba akitafuta pa kuwasha moto. Yeye anakumbuka mwaka 2011, ugonjwa mpya wa kuua mahindi ulipoonekana kwa mara ya kwanza nchini, hapa hapa Bomet, upande wa Longisa, mashamba yakakauka yakiwa mabichi. Mtu aliyeona hayo hapendi dari tupu. Chai inaleta pesa, sikatai, lakini majani ya chai hayapikwi ugali.

Sijasema usijenge. Jenga, mpenzi, na dari uweke. Baridi ya Kericho unaijua, na mvua ya mawe ikianza kupiga mabati hata redio huisikii. Ila mbao laini za silingi na jipsamu zimewekwa zipendeze, hazikuwekwa zibebe. Gunia la mahindi ni kilo 90. Ukipandisha matatu juu ya silingi ya sebule, yatashuka yenyewe, na Mungu akulinde usiwe umekaa chini yake. Ukitaka dari ya akiba, mwambie fundi mapema, kabla hajaezeka, aweke boriti za kubeba, sakafu ya mbao, tundu la hewa kila upande na ngazi ambayo mama anaweza kuipanda.

Halafu kuna hili, nalo nalisema kwa ukali kidogo. Dari mpya haina moshi. Mahindi yaliyokaa salama juu ya moto wa mama, ukiyatia hapo yakiwa na unyevu, yataota kuvu. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui na majirani zao, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Anika mpaka punje ishuke chini ya unyevu wa asilimia 13.5, na kama huna uhakika, tafuta mwenye kipimo. Wala usijaribu kuleta joto kwa kupandisha jiko la makaa kwenye chumba cha darini ukafunga dirisha. Gesi ya makaa haina harufu, haikuamshi, na nimeshahudhuria mazishi ya kutosha ya watu waliokuwa wanaota moto tu.

Najua pia kuna wanaojenga loft kwa sababu jirani amejenga. Hilo nalo ni la binadamu, sikulaumu. Lakini jirani hatakusaidia kulipa karo Januari bonasi ikiwa imekwisha kwenye ngazi ya vioo.

Kwa hiyo kabla hujatoa arubuni, muulize fundi swali moja mbele ya shahidi: dari hii itabeba magunia mangapi? Akianza kucheka, tafuta fundi mwingine. Na kule jikoni kwa mama, asiguse ufito hata mmoja mpaka mama mwenyewe aseme.