Jalada la Kitabu kwa Kalamu ya Kidijitali: Kutoka Rasimu hadi Kiwandani

Mwongozo huu ni wa wachoraji wanaolipwa kuchora majalada ya vitabu. Mfano tutakaoufuata ni jalada la A4: mama muuza samaki, soko la Feri, Dar es Salaam, asubuhi.

Kwanza mwombe mpiga chapa vipimo. A4 ya pikseli 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwa kawaida huongezwa milimita 3 kila upande za kukatwa. Ukichora picha ndogo ukaja kuikuza mwishoni, programu itajaza pikseli ambazo hukuzichora na kingo zitafifia. Tenga pia mahali pa jina la kitabu mapema.

Chora rasimu tatu au nne ndogo kwa brashi moja nene, mteja achague na kuthibitisha kwa maandishi. Kumhamisha mama upande wa pili wa jalada sasa ni kazi ya dakika chache. Rangi zikishawekwa, ni kuanza upya.

Hatua inayoamua picha ni mwanga na giza, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Usiguse rangi bado. Tumia kijivu cha aina tatu tu: cheupe, cha kati na cheusi. Feri asubuhi jua huwa chini, upande wa bahari, na vivuli hulala kuelekea magharibi. Mama akiipa bahari mgongo, uso huingia kivulini na nuru hushika ukingo wa bega na khanga. Akiitazama bahari, uso wote hung'aa. Chagua moja na uishike mpaka mwisho. Kisha punguza picha iwe ndogo kama ukucha. Usipomtambua mama hapo, rudi kwenye kijivu.

Rangi ziweke kwenye matabaka yake: mandhari, mtu, meza ya samaki. Hapa nasisitiza jambo moja kwa nguvu: ngozi nyeusi haichorwi kwa kuchanganya hudhurungi na nyeusi. Penye kivuli hupokea ubuluu wa anga, penye jua hutoa nuru kali na ya joto. Anayeichora kwa rangi moja iliyofifia anamnyima mama huyu uhai wake.

Maliza uso na mikono kwa makini. Umati wa nyuma uache bila kuukamilisha. Igeuze picha kushoto kulia, na macho yasiyolingana yataonekana mara moja.

Kabla ya kupeleka kiwandani, kumbuka kuwa buluu kali ya skrini haitokei vilevile kwa wino. Krita, programu ya bure, inaweza kufanya kazi kwa mfumo wa rangi nne za uchapaji (CMYK); mwombe mpiga chapa faili la rangi la kiwanda chake, na nakala ya majaribio kabla ya chapa kamili. Peleka TIFF, kwani JPEG hupoteza ubora kila inapohifadhiwa upya. Faili lenye matabaka libaki kwako, isipokuwa mkataba unasema vingine.