Sajili ya Maelezo ya Toleo katika Programu Huria: Suala la Kauli na Njeo

Makala haya yananuia kuchunguza matini ambayo aghalabu hatuihesabu miongoni mwa zile zinazostahili uchunguzi wa kiisimu, nayo ni maelezo ya toleo la programu ya tarakilishi. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Kila waundaji wake wanapotoa toleo jipya, huliambatanisha na waraka unaoeleza kilichoongezwa, kilichorekebishwa, kilichoondolewa na kasoro zilizosalia. Huenda waraka huo ukawa wa ukurasa mmoja tu. Hata hivyo, karani wa shule anayetaka kujua iwapo faili za alama za muhula uliopita zitafunguka baada ya kusakinisha toleo jipya huutegemea huo huo. Hoja yetu ni kwamba, katika Kiswahili, ufaafu wa waraka huu hutokana na uteuzi wa kauli na njeo kuliko istilahi, ingawa mijadala yetu kuhusu Kiswahili na tarakilishi hupenda kuanzia na kuishia kwenye istilahi.

Waraka na hadhira yake

Ifahamike kwamba maelezo ya toleo si taarifa tupu. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotoa toleo la 0.01 la Linux mnamo Septemba 1991, aliliandalia maelezo yaliyobainisha, pamoja na mengine, kwamba haikuruhusiwa kuisambaza programu hiyo kwa malipo. Katika maelezo ya toleo la 0.12, Januari 1992, alitangaza kuwa angeiweka chini ya leseni ya GPL kuanzia Februari 1. Kwa mtazamo wa nadharia ya vitendo vya usemi ya J. L. Austin, tangazo hilo halikueleza hali tu bali pia lilitenda jambo: lilibadilisha haki za msomaji.

Kuhusu hadhira, mwongozo wa uandishi wa mradi wa GNU unatofautisha nyaraka mbili. Faili iitwayo ChangeLog hurekodi mabadiliko ya msimbo kwa ajili ya waundaji, ilhali ile iitwayo NEWS huorodhesha yale tu ambayo mtumiaji atayahisi. Tofauti hii ni ya msingi. Sentensi “Hitilafu ya uchapishaji imerekebishwa” inamtosha aliyeirekebisha. Mtumiaji anahitaji kuambiwa: “Hitilafu iliyozuia kurasa za mwisho kuchapishwa pale faili inapozidi kurasa 100 imerekebishwa.” Hapo ndipo atakapolitambua tatizo lake mwenyewe.

Utata wa “haitumiki”

Tatizo gumu zaidi linahusu kipengele ambacho waundaji wameamua kukiacha lakini hawajakiondoa. Kiingereza kina neno moja mahsusi kwa hali hiyo. Mfasiri wa Kiswahili anayetafuta neno moja la kulilinganisha nalo huangukia “amri hii haitumiki”, na hapo kauli ya kutendeka humponza. “Haitumiki” ina maana mbili: kwamba watu hawaitumii, au kwamba haiwezekani kuitumia. Anayeichukua maana ya pili ataibomoa kazi yake leo bila sababu. Anayeichukua ile ya kwanza hatajiandaa, na siku amri itakapoondolewa atakwama. “Imepitwa na wakati” haisaidii, kwa maana hiyo ni hukumu isiyo na tarehe.

Kwa bahati njema, sarufi yetu ina kiambishi -ngali-, ambacho kwa maoni yangu kinalimudu jambo hili kuliko istilahi yoyote tunayoweza kubuni: “Amri hii ingali inafanya kazi, lakini itaondolewa katika toleo la 3.” Hali ya sasa, kuendelea kwake na kikomo chake vyote vimo. Sentensi ni ndefu kuliko neno moja, lakini sioni hasara yoyote katika urefu huo.

Uzito wa suala hili ulidhihirika katika lugha ya programu iitwayo Python. Toleo la 3.0, lililotolewa Desemba 3, 2008, lilivunja kwa makusudi upatanifu na matoleo ya awali. Mathalani, amri ya print ikawa haina budi kuandikwa kwa mabano. Guido van Rossum, mwandishi wa maelezo ya toleo hilo, alitanguliza sehemu ya mambo ambayo yangemkwaza msomaji aliyezoea matoleo ya zamani, kabla ya kufikia mapya ya kujivunia. Mtangazaji wa biashara angefuata mpangilio wa kinyume. Hata hivyo, msaada kwa toleo la 2 uliendelea hadi mwanzoni mwa mwaka 2020. Kwa miaka ipatayo kumi na mmoja, basi, kauli sahihi kuhusu Python ya zamani ilikuwa “ingali”.

Njeo na nafsi

Mwongozo wa GNU unahimiza pia kwamba maelezo ya zamani yasifutwe. Mapya huwekwa juu yake. Kwa hivyo kielezi “sasa” ni mtego. “Sasa unaweza kuhifadhi faili kwa nenosiri” ni kweli siku ya kutolewa, lakini msomaji wa miaka mitano baadaye hajui ni “sasa” ya lini. Afadhali “kuanzia toleo la 2.4”.

Suala la nafsi linahitaji uchunguzi zaidi. Kauli ya kutendwa, “imerekebishwa”, humficha mtenda, na katika programu huria mtenda huyo mara nyingi ni mtu aliyejitolea bila ujira. Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la OpenOffice.org lililotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni kazi ya aina hiyo hiyo ambayo mtumiaji huona matokeo yake asiwaone wafasiri. “Tumerekebisha” humrudisha mtenda, lakini kiambishi tu- hakibainishi iwapo msomaji anajumuishwa au la. Katika waraka wa kampuni, utata huo ungekuwa kasoro. Katika mradi ambao msomaji wa leo anaweza kutuma marekebisho yake kesho, sidhani kwamba unahitaji kuondolewa.