Mama Mzazi Haombi Sadaka



Mabibo, Dar es Salaam, pana soko la ndizi liitwalo Mahakama ya Ndizi. Pale kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake: mwenye nyingi huchukua mkungu mzima, mwenye chache huchukua chane moja. Hakuna anayelalamika, maana ndivyo soko lilivyo. Lakini chumba cha kuzalia hakiendeshwi kwa sheria ya soko. Mchuuzi wa ndizi na mke wa tajiri wafikapo pale, uchungu wao ni mmoja na haki yao ni moja.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka huduma za uzazi katika vituo vya serikali kuwa bila malipo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kila mwanamke ana haki ya kutunzwa kwa heshima anapojifungua. Basi, mama akifokewa kwa umaskini wake, au msichana akidharauliwa kwa kuwa hana mume, amenyang'anywa kilicho chake.

Mbona malalamiko hayasikiki? Uchunguzi wa hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2016, watufundisha jambo. Wanawake walipoulizwa kabla ya kuondoka hospitalini, 15 katika kila 100 walisema walitendewa vibaya. Wachache miongoni mwao walipoulizwa tena nyumbani, wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo walikuwa 70 katika kila 100. Aliye mikononi mwa mwingine huchunga ulimi wake. Tusidhani, basi, kwamba kimya cha mama ni ridhaa. Jirani yake atayasikia hayo uani, na siku yake ikifika, huenda akasita kwenda hospitali hata saa ya hatari.

Wala tusiwatwishe wakunga lawama zote. Mkunga mmoja akiachiwa wazazi wengi usiku kucha, huchoka. Lakini uchovu hautuelezi kwa nini ukali humwangukia mnyonge kwanza.

Dawa ipo. Huko Korogwe, mkoani Tanga, wananchi na watumishi wa afya walishauriana, wakaandika mkataba wa kuheshimiana, na hospitali ikarekebisha kasoro zake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maovu hayo yalipungua sana, ukilinganisha na Muheza, ambako mpango huo haukuwapo.

Yafaa tujiulize nyumbani na katika mikutano yetu ya mtaa:

1. Mke, dada au binti yetu alipojifungua, tulimwuliza alivyotendewa, au tulimwuliza habari za mtoto tu?

2. Kamati ya zahanati yetu yawajua akina mama wanaoogopa kusema?

3. Tumewasaidia wakunga kudai wenzao wa kutosha?

Anayeuliza kwa upole, akasikiliza hadi mwisho, ameanza kazi.