Kolaji ya Karatasi za Dukani: Namna ya Kuitengeneza Ikadumu

Msanii wa Kenya Rosemary Karuga aliporudi kwenye sanaa mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka mingi ya ualimu, bei ya rangi ilikuwa inamshinda. Alichokuwa nacho ni pakiti za unga, karatasi za sabuni na magazeti. Hakuwa mgeni wa sanaa: aliisomea Makerere kati ya 1950 na 1952, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu katika shule ya sanaa ya huko. Akachukua mkasi na gundi, akazikata zile karatasi vipande vidogo vidogo na kuvipanga mpaka vikawa wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilioneshwa Studio Museum, Harlem, jijini New York.

Anayetaka kujaribu kolaji, yaani picha ya vipande vilivyobandikwa kama hizo, kwa kawaida hukimbilia mkasi. Kabla hujaushika, amua kwanza: karatasi yako itatumika kama rangi, au itabaki kuwa picha? Kwa Karuga karatasi ilikuwa rangi. Kipande chekundu kilikuwa chekundu, basi, kiwe kimetoka kwenye sabuni au kwenye biskuti. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alipita njia nyingine. Midomo aliyoikata kwenye jarida la mitindo hubaki midomo ya jaridani, na mchoro wa kitabu cha udaktari hubaki mchoro wa udaktari. Katika mfululizo wake wa kolaji 12 uliokamilika mwaka 2006, sura za wanawake zimejengwa juu ya kurasa za zamani zinazoonesha uvimbe wa mfuko wa uzazi. Ukizifunika kurasa zile usizione, kazi imekufa. Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja (1954) aliyeshinda Tuzo ya Turner, ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, yuko katikati: kwa miaka kadhaa kuanzia 2007 alichukua kurasa za gazeti la The Guardian zenye picha za watu weusi, akapaka nakshi sehemu ya ukurasa na kuiacha sehemu nyingine isomeke.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni njia ya Karuga. Ya Mutu huonekana nyepesi, kumbe ndiyo inayoangusha wengi, kwa sababu picha mbili zilizobandikwa pamoja bila hoja hubaki picha mbili tu.

Sasa kusanya karatasi, na uzipange kwa rangi, wala si kwa aina ya bidhaa. Weka maboksi sita ya viatu: nyekundu na chungwa, njano, kijani, buluu, kahawia, nyeusi na nyeupe. Ndani ya kila boksi tenga zilizokolea na zilizofifia. Jicho likikudanganya, zitandaze chini, uzipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa: nyekundu na kijani ulizodhani zinapingana huwa kivuli kimoja, na ukizipanga jirani umbo lako litapotea.

Si kila pakiti inafaa. Siku hizi nyingi zina utando wa plastiki, na gundi ya maji haizishiki. Rarua pembe: karatasi halisi huacha ukingo wenye nyuzi, ya plastiki huvutika. Pakiti ya unga ikung'ute na uipanguse kwa brashi kavu, la sivyo unawaandalia mende karamu ukutani. Kwa sababu hiyohiyo siipendi gundi ya kupikwa kwa unga, hasa Pwani, ambako unyevu huileta kuvu upesi.

Unapokata, kumbuka kwamba kurarua nako ni kukata. Ukirarua karatasi iliyochapwa, kwa kawaida kipande kimoja hutoka na mstari mweupe ukingoni na kingine bila. Ukigeuza upande wa kuvuta, mstari unahamia kwa mwenzake. Mstari huo unafaa kwa manyoya, nywele na mwanga wa asubuhi. Kwa pembe za ng'ombe au bati la nyumba, tumia mkasi.

Ubao wa kubandikia uwe plaiwudi ya milimita 6. Kadibodi ya maboksi hupinda, na yenyewe hugeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda. Paka plaiwudi rangi nyeupe ya maji mara mbili, mbele na nyuma. Watu huuruka upande wa nyuma kwa kubana matumizi, kisha wanashangaa ubao umejikunja.

Kubandika ndiko kunakotaka subira. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, sehemu 3 za gundi kwa 1 ya maji. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika papo hapo, itaendelea kutanuka juu ya ubao na kufanya makunyanzi. Kwa hiyo ipake gundi mgongoni, isubiri kama dakika moja ilegee, paka na ubao, kisha ilaze na kuikandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda ukingoni ili hewa itoke. Vipande vidogo hutanuka kidogo, na hiyo ni faida nyingine ya mtindo wa Karuga. Anza na mandhari ya nyuma, malizia na vilivyo mbele. Usijaze ubao wote siku moja. Bandika sehemu, funika kwa nailoni, weka mbao na matofali juu, ulale. Gundi iliyokauka chini ya uzito haiinuki pembeni.

Ikikauka kabisa, paka vanishi ya maji isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba. Ijaribu kwanza kwenye vipande vya akiba, maana kuna wino unaoyeyuka na kuchafua jirani zake. Vanishi ya mafuta ya samani iache, huleta umanjano.

Vanishi haizuii jua. Wino wa pakiti ulitengenezwa udumu dukani kwa miezi, si sebuleni kwa miaka, na nyekundu na njano ndizo hupauka mapema. Tundika kazi mbali na dirisha. Ukiiwekea kioo, acha nafasi ya milimita chache kati ya kioo na karatasi. Nyuma ya ubao andika kwa penseli jina lako, mwaka na vitu ulivyotumia, kwa sababu mnunuzi makini au mtu wa makumbusho atauliza. Kisha gundisha vipande vinne vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, hasa msimu wa masika.